Mzee wa Sinema anajibu: "Mimi sina ubaguzi, ila..."

Toleo lililopita niligusia kidogo tu muvi za zamani za mapenzi ya weusi na weupe, mistari kama kumi hivi, nikaendelea na mambo yangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka simu ikawa ya moto, wengine mmetuma voisi za dakika sita jamani, mimi mtu mzima nina kazi zingine. Nimechagua saba. Ambao hamjaona zenu msinune, tutaonana.

SWALI: Mzee wa Sinema shikamoo. Kuna kipande kinazunguka sana, mzee wa kizungu mwenye nywele nyeupe kasimama sebuleni anaongea, mke wake machozi yanamlengalenga, na pembeni kuna kaka mweusi mtanashati kavaa suti. Ni muvi gani hiyo, na je inafaa kuangalia na wazazi? Nauliza kwa sababu zangu. – Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ni Guess Who's Coming to Dinner ya mwaka 1967, kaiongoza Stanley Kramer. Stori haina mizunguko: binti wa kizungu, Joey, miaka 23, katoka kutembea Hawaii anarudi kwao San Francisco na mchumba waliyejuana naye siku kumi tu, Dokta John Prentice, mweusi, kaigiza Sidney Poitier. Usiku huo huo dokta anaruka kwenda Ulaya kikazi, kwa hiyo wazazi wana masaa machache ya kusema ndiyo au hapana. Na hao wazazi sio watu wabaya, utamu uko hapo. Baba mtu ana gazeti, maisha yake yote anaandika kupinga ubaguzi, mama mtu anauza picha za wachoraji, na binti yao wamemlea hivyo hivyo kwamba binadamu wote sawa. Sasa mtoto kaamini. Ndo balaa lilipoanzia.

Angalia mama anavyoingia nyumbani. Katharine Hepburn anaingia kachangamka, maneno mengi, anageuka anamwona Poitier, sauti inakata, na Poitier kwa adabu zote anamwambia mama mimi ni daktari, nakushauri ukae kabla hujaanguka. Mimi nacheka kila nikifika hapo, halafu nakumbuka nyumbani kwetu nacheka kidogo kidogo. Miaka ya tisini dada yangu alileta mchumba wa kabila ambalo kwetu halikuwa limezoeleka, marehemu mama akamkaribisha, akamchinjia kuku, akamsifia alivyo na heshima, jamaa kutoka tu getini mama akakaa kwenye mkeka akasema "mimi sina ubaya wowote na watu wa huko, ila..." Hiyo ila ilichukua miezi minane, na vikao vya wajomba juu.

Muvi nzima ni hiyo ila. Na usidhani ni ya wazungu peke yao, maana ukiingia jikoni unamkuta Tillie, mfanyakazi wa ndani, mweusi, kamlea Joey tangu mdogo, na yeye ndo mkali kuliko wote, anamfuata dokta mpaka chumbani anakobadilisha nguo akamwambia nimeshakujua wewe ni mtu wa namna gani. Kauli yake hapo awali ni kwamba haki za raia ni jambo moja, hili ni jambo lingine. Halafu wazazi wa dokta wanapanda ndege kutoka Los Angeles bila kujua mkwe mwenyewe ni mzungu. Baba yake ni mstaafu wa posta, kabeba mfuko wa barua miaka 30, anamtajia mtoto wake mpaka maili alizotembea, 75,000, ili wewe uwe daktari halafu leo unanifanyia hivi! Dokta anavyomjibu sikwambii, kaangalie.

Sasa huyo mzee wa nywele nyeupe, yaani baba yake Joey, ni Spencer Tracy na alikuwa mgonjwa kweli, mambo ya moyo, kampuni za bima zikakataa kumgusa, ikabidi Kramer na Hepburn waweke mishahara yao dhamana ili kazi ifanyike, wakawa wanampiga picha masaa machache tu kwa siku. Alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza kipande chake. Na yeye na Hepburn walikuwa wapenzi zaidi ya miaka 25 ingawa yeye alikuwa na mke ambaye hakumwacha. Kwa hiyo anaposimama pale sebuleni kusema mimi ni mzee lakini sijasahau mapenzi niliyonayo kwa huyu mama, na kama hawa vijana wana hata nusu yake basi inatosha, machozi ya Hepburn hayo hayakuandikwa na mtu kwenye skripti. Mwenyewe alisema hakuwahi kuiangalia hiyo muvi ikiwa imekamilika. Wakampa Oscar yake.

Kwa wazazi inafaa, haina matusi ya kutia aibu wala vitu vya kufumba macho. Ila (umeona, na mimi ninayo) usiisimamishe katikati ukaanza kuwahutubia. Weka muvi, leta chai, nyamaza.

SWALI: Mzee hiyo muvi mnaisifia bure. Jamaa ana elimu hadi inamwagika, ana sura, ana adabu, bado anasubiri wazungu wamkubali. Angekuwa fundi gereji je? – Mbishi wa Mbeya

JIBU: Mbishi nakupa nusu ya mechi. Ni kweli, baba mtu anapiga simu ofisini kwake wamtafutie habari za huyu dokta na yanarudi majina ya vyuo na vyeo kama orodha ya mahari. Kramer alifanya makusudi, alitaka asibakize sababu yoyote ya kumkataa zaidi ya rangi, na kwa hesabu hiyo mtego umekaa vizuri. Lakini gharama yake ni kwamba dokta hana kasoro hata moja ya kibinadamu, hata kulala na binti kakataa yeye. Na kibaya zaidi kwangu mimi ni pale anapowafuata wazee pembeni, binti hajui, anawaambia msiporidhia mimi naondoka hamtaniona tena. Yaani kawapa rungu mkononi. Wapo weusi wa Marekani waliolalamika hivyo hivyo mwaka ule ule ilipotoka, kwa hiyo hauko peke yako, umechelewa tu miaka.

Nusu nyingine siitoi. Poitier ndo alikuwa mweusi wa kwanza mwanaume kupata Oscar ya steringi, 1964, na kwa muda mrefu alikuwa kama peke yake pale juu, sasa ukiwa peke yako unawakilisha ukoo mzima, ukipiga chafya wamepiga chafya weusi wote. Na mwaka huo huo 1967 alitoka na In the Heat of the Night, tajiri wa kizungu anamzaba kofi, naye papo hapo anamrudishia. Mtu huyo huyo. Ile muvi ya chakula ina siri zake ndogo pia, kuna kipande baba mtu anatoka na mke wake kwenda kula aiskrimu ndani ya gari, anaagiza aiskrimu ya tunda fulani la Oregon aliyowahi kula zamani, inaletwa, analamba, sio ile aliyoikumbuka, anataka kukasirika, analamba tena, anasema mbona nzuri tu. Akitoka hapo anarudi rivasi anagonga gari la kijana mweusi na kuanza kufoka kama hajawahi kuandika hata tahariri moja maishani mwake. Hiyo ndo muvi, Mbishi, hotuba ya mwisho ni ya kuwaridhisha watazamaji.

Fundi gereji yupo. Yuko Munich, mteremkie huko chini.

SWALI: Nimeangalia hizo muvi zako nne mfululizo. Mbona hawapigani busu? Wanapendana kwa macho tu kama wako msibani. – Mtazamaji, Mombasa

JIBU: Hahaha. Mtazamaji, walikatazwa. Hollywood walijiwekea sheria zao mwaka 1930, wakaanza kuzibana sawasawa 1934, na humo ndani iliandikwa wazi kwamba mapenzi kati ya mweupe na mweusi hayaonyeshwi. Kipengele hicho kilitolewa 1956. Na kilikula watu wengi. Anna May Wong, staa wa kwanza mkubwa wa Kichina pale Marekani, mwaka 1937 inatengenezwa The Good Earth, stori ya Wachina watupu, akatarajia angalau hapo ataigiza mke, lakini bwana mwenyewe kapewa Paul Muni ambaye ni mzungu kapakwa rangi, kwa hiyo Mchina wa kweli kuwa mke wa Mchina wa bandia ikawa ni kuchanganya rangi, nafasi wakampa Luise Rainer, mzungu, naye akachukua Oscar nayo. Soma tena taratibu kama hujaelewa, hata mimi mara ya kwanza sikuelewa.

Kipengele kilipotolewa tu, 1957 ikatoka Island in the Sun, Harry Belafonte na Joan Fontaine, imepigwa visiwani Barbados na Grenada. Unaona mapenzi yako pale, jua lipo, bahari ipo, na kilele cha mahaba yao ni kunywa dafu moja. Dafu! Anapokezana naye, basi, imeisha hiyo. Na bado Fontaine aliletewa barua za matusi, na kule South Carolina wabunge walileta muswada wa kulipiga faini ya dola 5,000 jumba lolote la sinema litakaloionyesha. Sasa ukirudi kwa Poitier na Joey, miaka kumi baadaye, wana busu moja, na hilo unaliona ndani ya kioo cha dereva teksi. Kamera imekaa mbele, wao wako nyuma, tunawachungulia kupitia macho ya dereva ambaye hakufurahishwa. Wengine wanasema ni woga wa Kramer. Mimi naona kioo kile kimesema zaidi ya busu lenyewe, lakini woga pia upo, tusidanganyane.

Na hapa niombe radhi. Mwezi uliopita niliandika kuhusu A Patch of Blue ya 1965, yule binti kipofu wa kizungu anayetunga shanga bustanini na Poitier anakuwa rafiki yake, nikasifia "rangi zake". Msomaji mmoja kanikumbusha kwa ukali kidogo kwamba ile ni nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho. Ni kweli, sijui niliota. Hiyo ina busu la kweli, na majumba ya sinema ya kusini mwa Marekani yalionyesha kopi ambayo busu limekatwa. Watu wao walitoka ukumbini wameona urafiki.

SWALI: Ni kweli kuoa mtu wa rangi nyingine ilikuwa kosa la jinai Marekani au ni chumvi za muvi? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Kosa la jinai kabisa, kwa baadhi ya majimbo. Richard Loving, mzungu, na Mildred, mweusi mwenye damu ya Wahindi Wekundu, walitoka Virginia wakaenda kufunga ndoa Washington Juni 1958, wakarudi kwao. Wiki chache baadaye usiku wa manane sherifu yuko juu ya kitanda chao na tochi. Cheti cha ndoa kilikuwa ukutani, wakaambiwa hicho hapa hakifanyi kazi. Hukumu ikawa mwaka mmoja jela, ila hawatautumikia kama watahama jimbo wakae nje miaka 25. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa wakakubaliana tarehe 12 Juni 1967 kwamba sheria za namna hiyo hazina nafasi. Majimbo 16 yalikuwa bado nazo siku hiyo.

Angalia tarehe sasa. Tracy kafa tarehe 10, hukumu tarehe 12, muvi ikatoka Desemba. Ndani ya muvi mzee wa posta anamwambia mtoto wake kwamba kwenye majimbo kumi na sita au kumi na saba mtakuwa mnavunja sheria. Mstari huo ulipigwa picha ukiwa kweli, ukafika sinema sheria imeshakufa. Wakauacha hivyo hivyo. Hao kina Loving wenyewe walikuja kutengenezewa muvi, Loving ya 2016, tulivu sana, wachache mtaivumilia.

SWALI: Niko Munich mwaka wa nne, nafanya usafi wa maofisi. Bosi wangu wa kijerumani, mama mtu mzima, kaniambia niangalie muvi ya zamani ya Fassbinder, eti nitajiona. Unaifahamu? – Mtoto wa Kigoma ughaibuni

JIBU: Naifahamu na nimefurahi umeuliza, kwangu hii ndo kubwa kuliko zote za leo. Angst essen Seele auf, 1974, Rainer Werner Fassbinder, kaipiga ndani ya wiki mbili hivi kwa hela ndogo. Jina lenyewe ni Kijerumani kilichovunjika, kama mgeni anavyoongea: hofu kula roho. Emmi ni mjane wa miaka sitini na kitu, msafishaji wa maofisi kama wewe, mvua inamkimbiza anaingia baa ya Waarabu, anaagiza kola. Wenzake wanamtania fundi gereji mmoja Mmoroko, nenda kacheze na bibi yule. Anaenda kweli. Wanacheza, anamsindikiza nyumbani, kahawa, mazungumzo, na kabla hujakaa vizuri wameoana. Wote wanamwita Ali, na jina lake sio Ali, ana jina refu zuri, ila kwa Wajerumani kila Mwarabu ni Ali. Unalijua hilo wewe, nadhani na wewe una jina walilokupa.

Kipande cha kukaa nacho: Emmi anawaita watoto wake watu wazima, wamekaa sebuleni mstari, anamtambulisha mume. Kamera inapita sura moja, nyingine, nyingine, hakuna anayepumua. Mtoto mmoja wa kiume anainuka kimya, anaiendea televisheni ya mama yake, anaipiga teke mpaka kioo kinapasuka. Mwenye duka anajifanya haelewi Kijerumani cha Ali. Majirani wanasema ngazi zimekuwa chafu. Wasafishaji wenzake wakila mkate kwenye ngazi za ofisi wanakaa mbali naye, yeye anabaki peke yake.

Muvi nyingine ingeishia hapo na machozi. Fassbinder anageuza. Wale wale wanaanza kurudi, na hawarudi kwa sababu wameokoka: jirani anataka nafasi ya kuweka vitu vyake stoo, mwenye duka kagundua supamaketi zinamnyang'anya wateja, mtoto wa teke kaleta hela ya televisheni kwa sababu anahitaji wa kumlelea mtoto wake. Na Emmi anapokubaliwa anaanza kubadilika yeye. Anawaonyesha wenzake misuli ya mume wake, shikeni muone, kama mtu kanunua ng'ombe mnadani. Ali kaomba kuskusi, anaambiwa azoee vyakula vya hapa. Na ofisini kaja msafishaji mpya kutoka Yugoslavia, na kwenye ngazi zile zile safari hii ni Emmi na wenzake wamekaa mbali na yule mgeni, anakula peke yake. Kamera imekaa pale pale ilipokaa wakati ni Emmi. Mimi nilipoona mara ya kwanza nilisimamisha nikaenda nje.

Mwisho Ali anaanguka, vidonda vya tumbo, daktari anasema vinawapata sana hawa wafanyakazi wageni, tunawafanyia upasuaji, miezi sita wamerudi tena. Kwa hiyo mwanangu kula kwa wakati huko. Na huyo bosi wako, sijui, mtu aliyekwambia utajiona labda amejiona na yeye, mwulize kajiona wapi.

SWALI: Mimi Mhindi wa Mwanza, kizazi cha nne, Kisukuma naongea kuliko Kigujarati. Nina mchumba Mwafrika. Kwetu wanajua, kwao wanajua, hakuna anayesema kitu, kimya kizito. Kuna muvi yetu sisi? – Wa Kirumba

JIBU: Ipo, na kaitengeneza mtu anayekujua. Mississippi Masala ya Mira Nair, 1991. Inaanzia Kampala 1972, Idi Amin kawapa Wahindi siku 90 waondoke. Jay ni wakili, kazaliwa pale, Uganda ndo kwao, na rafiki yake wa damu Okelo ndo anayemwambia ukweli mchungu kwamba sasa Afrika ni ya Waafrika, Waafrika weusi. Familia inapanda basi kwenda Entebbe, askari wanawashusha njiani. Miaka inapita wako Greenwood, Mississippi, kwenye hoteli za barabarani za ndugu zao, na yule mtoto mdogo wa Kampala, Mina, amekuwa dada, kagonga gari la kijana mweusi anayesafisha mazulia, Demetrius, ambaye ni Denzel Washington akiwa kijana, dada zangu mtanisamehe kwa kuwachelewesha na habari hii.

Sasa ona. Siku ya ajali wale wajomba wa Kihindi wanaogopa Demetrius asije akawashtaki, wanamfuata kwa maneno matamu, sisi sote watu wa rangi, asiye mzungu ni ndugu, umoja ni nguvu. Siku wanapomkuta na binti yao hotelini ufukweni Biloxi, undugu ule hauonekani hata kwa darubini. Biashara yake ya mazulia inakosa wateja, benki inamdai mkopo, na weusi wenzake nao wanamsema, kwanini umeenda kutafuta huko. Demetrius anamfuata Jay uso kwa uso, anamwambia nyie mnakuja kutoka huko mnakotoka, weusi kama sisi, mkifika tu mnajifanya wazungu na sisi mnatufanya zulia la mlangoni, halafu anagusa ngozi ya shavu lake mwenyewe: binti yako amepungukiwa vivuli vichache tu kufika hapa.

Na Jay sio shetani. Kaumizwa kweli. Kila siku anaandika barua kwa serikali ya Uganda kudai nyumba yake, na lile neno la Okelo limemkaa kooni miaka na miaka, anaamini mapenzi ya rangi mbili yanaisha vibaya kwa sababu urafiki wake wa rangi mbili uliisha vibaya. Ila yake ina kovu. Ndo maana nakwambia ni muvi yenu, inawauliza Wahindi na Waafrika wote wawili, haimpi mtu mmoja haki yote. Mina kazaliwa Afrika hajawahi kufika India, Demetrius ni mweusi hajawahi kufika Afrika, wanaongea hilo kwa simu usiku kila mtu kitandani kwake, nenda kasikilize.

Nyongeza kwa wapenda umbea: akiwa kwenye utafiti wa muvi hii Nair alikutana na Mahmood Mamdani, Mganda wa asili ya Kihindi ambaye na yeye alifukuzwa 1972, akaja akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya sabini. Wakaoana. Zohran Mamdani, yule mwanasiasa wa New York, ndo mtoto wao.

Kuhusu kimya kizito, mimi ni mtu wa sinema sio mshenga. Lakini kwenye muvi zote hizi za leo sijaona kimya kilichovunjwa na wazee.

SWALI: Mbona umesahau Bobby? Tulijaza ukumbi, tulilia. – Bibi wa Unguja

JIBU: Shikamoo bibi, sijasahau. Bobby ya Raj Kapoor, 1973, pale sio rangi, ni pesa na dini, mtoto wa tajiri wa Kihindu na binti wa mvuvi Mkristo. Lakini ila ni ile ile kavalishwa sari. Na wale mababa wawili wanaotukanana mpaka mwisho halafu watoto wakijirusha majini kila mmoja anamwokoa mtoto wa mwenzake, Kramer angekuwa na akili ya kuiba angeiba hiyo, bahati mbaya yeye alitangulia miaka sita. Nipe na mimi kitambaa bibi.

Nilikuwa nafunga ukurasa, Binti wa Tanga kaandika tena, maana nilimtumia jina la muvi mapema asingoje gazeti:

"Tumeangalia jana wote. Baba hajasema neno, kaaga kaenda kulala. Mama kaniuliza swali moja tu, pale mwishoni yule mzee anasema haya Tillie, chakula kiko wapi. Mama anauliza, na Tillie mwenyewe yeye alikula wapi?"

Sijui mwanangu. Nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na sikuwahi kujiuliza. Mama mwambie aniandikie.